Siku Moja Rungwe: Jinsi ya Kuunganisha Ziwa Ngozi, Daraja la Mungu na Mashamba ya Chai

Msafiri anayetoka Mbeya kwenda Kyela hupita katika eneo lenye milima mitatu ya volkano, mto unaopenya chini ya mwamba, na mashamba ya chai yanayoteremka kutoka kandokando ya barabara hadi mabondeni. Wengi huyaona hayo yote kupitia dirisha la kosta, nusu macho nusu usingizi, kisha hushuka Kyela kununua mchele na kurudi walikotoka. Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kuamua kwamba safari hii atashuka njiani, na ambaye ana siku moja tu.

Kosa linalofanywa na wageni wengi ni kupanga ziara ya Rungwe kwa kuangalia umbali. Kwenye ramani kila kitu kiko karibu na kingine, kwa hiyo mtu huona kwamba anaweza kuanzia popote. Ukweli ni kwamba huku safari hupangwa kwa mwinuko na kwa mawingu. Hewa yenye unyevu hupanda kutoka Ziwa Nyasa, ambalo mwinuko wake haufiki mita 500 juu ya usawa wa bahari, hukutana na milima inayokaribia mita 3,000, hupoa, na kugeuka ukungu na mvua. Asubuhi mara nyingi vilele huwa wazi, lakini kufikia mchana huwa vimefunikwa. Kwa sababu hiyo anza na mahali pa juu kabisa, ambapo ni Ngozi, kisha teremka taratibu kuelekea Kiwira, Katumba na Tukuyu kadiri jua linavyosogea. Mimi mara ya kwanza nilifanya kinyume: nilikunywa chai Tukuyu kwa raha zangu, nikafika ukingoni mwa Ngozi saa 9 alasiri, nikasimama mbele ya ukuta mweupe wa ukungu huku kiongozi wangu akinihakikishia kwamba ziwa lilikuwa hapo hapo chini. Nililazimika kumwamini.

Kuchagua mwezi na kufungasha

Wilaya ya Rungwe ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi Tanzania. Maeneo ya Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Masika yake ni marefu, kuanzia Novemba hadi Mei, na Aprili si mwezi wa kujaribu njia za msituni. Kipindi kizuri kwa mtembezi ni kati ya Juni na Oktoba, ingawa Juni na Julai kuna baridi kali ambayo mtu wa Dar es Salaam au Mombasa hataitarajia, na hata katika miezi hiyo manyunyu hayakosekani. Anayetaka kuwaona wachumaji wengi shambani na kiwanda kikifanya kazi kwa nguvu zote ajue kwamba chai hutoa majani kwa wingi wakati wa mvua na joto, na hupungua wakati wa baridi. Hapo inabidi uchague: ziwa lililo wazi au chai iliyochangamka. Mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni, na tena Novemba mvua zinapoanza, kuna uwezekano wa kupata vyote viwili kwa kiasi.

Vaa viatu vyenye soli ya meno. Udongo wa Ngozi ukilowa huteleza kama sabuni, na viatu vya raba vilivyolika soli vitakushusha kwa makalio. Baadhi ya watu hupanda kwa gambuti, na kwa kweli si wazo baya. Beba koti la mvua badala ya mwavuli, kwa kuwa msituni mwavuli hunasa kwenye matawi na mikono yote miwili inahitajika. Ongeza sweta, maji ya kunywa, soksi za kubadilisha na mfuko wa nailoni wa kuweka simu. Chukua fedha taslimu kiasi za kulipa bodaboda, mama ntilie na mwenye shamba, lakini ada za kuingia katika hifadhi za misitu zilizo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali. Kwa hiyo hakikisha simu yako ina salio na chaji kabla ya kuondoka mjini.

Kuhusu usafiri, mwenye gari lake atakuwa huru zaidi, na gari lililoinuka kidogo litamfaa kwenye njia za vumbi na tope. Asiye na gari anaweza kupanda kosta za Tukuyu au Kyela, kushuka Isongole, kisha kutumia bodaboda kwa vipande vya pembeni. Kikundi cha watu wanne au watano kitapata nafuu kwa kukodi Noah kwa siku nzima. Mkubaliane bei kabla ya kuondoka, mkitaja vituo vyote kimoja kimoja, maana "tutapitia Daraja la Mungu kidogo" ni sentensi iliyokwisha kuleta ugomvi mwingi jioni.

Kupanda Ngozi

Ondoka Mbeya saa 12 asubuhi. Pale Uyole barabara ya Tukuyu huiacha barabara kuu iendayo Dar es Salaam na kuanza kupanda safu ya Uporoto, ikipita kwenye mashamba ya viazi mviringo. Hewa hubadilika ndani ya dakika 20. Vioo vya gari huingia mvuke na abiria huanza kutafuta masweta. Ukifika Isongole uko juu ya mita 2,000. Hapo ndipo pa kuuliza njia ya Ngozi, kujiandikisha na kumpata kiongozi wa kijijini. Usiende peke yako: msitu ni mnene, njia za wakata kuni na wachunga mifugo huingiliana na njia ya wageni, na ukungu ukishuka mtu hupotea akiwa karibu kabisa na njia.

Salamu zina uzito wake huku. Kiswahili hutosha kila mahali, na mzee apewe shikamoo yake kama kawaida, lakini ukiongeza neno la Kinyakyusa utaona uso wa mwenyeji ukifunguka. "Ugonile" ni kwa rika lako, "mwagonile" ni kwa mkubwa wako, kwa kuwa lugha hii humheshimu mtu kwa kumsemesha kwa wingi. Na kushukuru ni "ndaga", au "ndaga fijo" ukishukuru sana. Upande wa Uporoto kuna pia Wasafwa, kwa hiyo sikiliza kwanza anayezungumza nawe anatumia lugha gani.

Kutoka barabara kuu hadi mwanzo wa msitu kuna kilomita kadhaa ambazo bodaboda au gari litakuokolea miguu. Kupanda kwenyewe huchukua muda wa saa 1 hadi saa 1 na nusu kwa mtu mwenye pumzi ya kawaida. Sehemu ya kwanza ni tambarare iliyoinama kidogo, chini ya miti mirefu iliyovaa kuvu na mimea ya kutambaa. Sehemu ya mwisho inasimama, na hapo utashika mizizi kwa mikono. Mwombe kiongozi akuangalizie kinyonga wa pembe tatu, ambaye huishi katika milima hii ya Uporoto. Yeye atamwona kabla yako. Wewe utakuwa unatazama tawi tupu mpaka tawi lile lisogee.

Kisha msitu unakatika ghafla na ziwa liko chini yako. Ngozi ni ziwa lililojaa ndani ya kreta, yaani shimo lililobaki baada ya mlima kulipuka na sehemu yake ya juu kuporomoka ndani. Lina urefu wa takribani kilomita 2.5, halina mto unaotoka, na kuta zake za msitu huteremka karibu wima hadi majini. Rangi ya maji hubadilika kati ya kijani na samawati kulingana na mwanga, na upepo ukitulia utaona mawingu yakipita chini badala ya juu. Kushuka hadi majini kunawezekana kwa wachache wenye kiongozi mzoefu na muda wa kutosha, lakini usikuingize katika ratiba ya siku moja. Ukingo unatosha. Kaa nyuma ya mizizi, usimruhusu mtoto asogee kupiga picha, na usitupe mawe majini: wenyeji wana heshima zao za kale na ziwa hili, na kwa vyovyote jiwe linalobiringika kutoka huko juu halichagui litakayemkuta.

Mbele yako, hewa ikiwa safi, utauona Mlima Rungwe wenyewe, wenye takribani mita 2,960. Pamoja na Ngozi na Kyejo, mlima huu ni mmoja kati ya volkano tatu changa za eneo hili, na zote zimesimama mahali ambapo matawi ya Bonde la Ufa hukutana: moja likitoka upande wa Ziwa Rukwa, jingine upande wa Usangu, la tatu likiendelea kusini na kubeba Ziwa Nyasa. Ardhi inapovutwa pande tatu hupasuka, na mahali inapopasuka moto hupata njia. Rungwe ulilipuka kwa nguvu kubwa takribani miaka 4,000 iliyopita na kutapakaza mawe mepesi yenye vitundu katika eneo pana. Utayaona mwenyewe barabara inapokata kilima: tabaka la rangi hafifu lililobanwa kati ya udongo mweusi. Shuka, chukua kipande, kipime mkononi. Ni chepesi kuliko unavyotarajia, na ukikitupa ndani ya ndoo ya maji kinaweza kuelea.

Msitu wa Rungwe una sifa nyingine inayostahili kutajwa ukiwa hapo. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimsimulia nyani mwenye haya aitwaye kipunji, na watafiti wakadhani ni hadithi, hadi walipomwona mwaka 2003. Mwaka 2005 alitangazwa rasmi kuwa spishi mpya kwa sayansi, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Usitarajie kumwona kwa ziara ya siku moja. Anaishi juu ya miti mirefu na hapendi wageni.

Jitahidi uwe umerudi barabarani ifikapo saa 5 asubuhi au muda mfupi baadaye.

Kiwira na Daraja la Mungu

Kutoka Isongole barabara huteremka, viazi hupisha migomba, na kabla hujafahamu joto limerudi. Kiwira ni mji mdogo wa soko, na siku za soko mikungu ya ndizi hupangwa kandokando ya barabara kwa wingi ambao humfanya mgeni asimamishe gari hata kama hakukusudia. Nunua parachichi hapa. Rungwe huzalisha maparachichi mengi na mazuri, na yale yaliyoiva tayari ni chakula kamili ukiwa na chumvi na kijiko.

Daraja la Mungu liko nje ya barabara kuu, juu ya Mto Kiwira, kwenye njia iendayo Chuo cha Magereza Kiwira. Bodaboda wote wanalifahamu. Ni tao la mwamba mweusi lililovuka mto bila fundi: lava ilitiririka ikajaza bonde, ikapoa na kuganda kwa juu, maji nayo yakaendelea kutafuta upenyo chini yake mpaka yakaupata na kuupanua. Usiridhike na kulitazama kutoka juu. Tafuta mahali pa kuteremkia kwa usalama upande ambao mto unaelekea, ili uone unene wa mwamba na jinsi miti ilivyoota juu ya tao kana kwamba ni ardhi ya kawaida. Mawe ya kandokando huwa na utelezi kwa sababu ya unyevu, na mto huu una nguvu kuliko unavyoonekana.

Mbele zaidi, ndani ya eneo la Magereza, kuna Kijungu, mahali ambapo mto wote hujipenyeza katika shimo la mwamba lenye umbo la chungu, ukazunguka humo kwa kishindo kabla ya kupita. Kwa kuwa ni eneo la serikali, jitambulishe getini, fuata utaratibu utakaopewa, na usipige picha majengo wala watumishi. Ukiwa na haraka, Kijungu ndicho kituo cha kwanza cha kukata. Najua wapo watakaonipinga, lakini kati ya shimo hili na saa moja ya ziada kwenye chai, mimi huchagua chai.

Chakula cha mchana kiliwe Kiwira au Tukuyu, kwa mama ntilie mwenye foleni. Agiza ndizi za kupika, ziwe na maharage au nyama, na maziwa kama yapo. Ng'ombe wa maziwa ni sehemu ya kila boma huku, na chai ya maziwa ya Tukuyu ina uzito ambao maziwa ya pakiti hayatoi.

Chai: hapa ndipo pa kutulia

Fika Katumba kati ya saa 8 na saa 9 alasiri. Nitaeleza sababu ya saa hizo baada ya kueleza kwa nini chai iko hapa kabisa. Mchai unataka vitu vitatu ambavyo ni vigumu kuvipata pamoja: mvua iliyosambaa karibu mwaka mzima, ubaridi usiofika kuganda, na udongo wenye kina lakini unaopitisha maji, wenye tindikali. Majivu ya volkano yaliyooza kwa maelfu ya miaka hutoa udongo wa aina hiyo, na mvua kubwa huosha chokaa na kuacha tindikali ambayo mazao mengine huichukia na chai huipenda. Ndiyo maana ukitazama ramani ya chai ya Afrika Mashariki, kutoka Kericho na Limuru hadi hapa, mara nyingi unakanyaga mabaki ya volkano. Chai ya Rungwe ilianza kupandwa na Wajerumani pale Kyimbila, karibu na Tukuyu, mwaka 1904, miaka miwili baada ya ile ya kwanza ya Amani huko Usambara. Leo sehemu kubwa ya mashamba ni vipande vidogo vya wakulima wa kawaida, vikiwa vimechanganyika na migomba na miparachichi, pamoja na mashamba makubwa ya makampuni. Hivyo usitafute lango la "shamba la chai"; chai iko nyuma ya nyumba ya mtu, na kabla ya kuingia humo unabisha hodi.

Omba ruhusa, jitambulishe, na uombe kuonyeshwa namna ya kuchuma. Mkulima akikubali, tazama vidole vyake kabla ya kutazama majani. Vimepata rangi ya kahawia nyeusi kutokana na utomvu, na haitoki kwa sabuni. Mchumaji huvaa kipande cha nailoni kiunoni kwa sababu umande wa asubuhi hulowesha nguo hadi mapajani, na hubeba tenga mgongoni. Anachokata ni majani mawili na ncha changa iliyo katikati yake, ambayo bado imejikunja kama msumari. Hakwanyui kwa kuvuta. Huvunja kwa kidole gumba na cha shahada kwa mzunguko mdogo wa kifundo, mikono yote miwili kwa pamoja, kisha hutupa konzi nyuma ya bega bila kugeuka. Jaribu mwenyewe kwa dakika 10. Utagundua kwamba unachuma jani la tatu, ambalo limekomaa na litashusha daraja la chai, na kwamba tenga lako lina majani yasiyotosha birika moja. Ili kupata kilo 1 ya chai kavu zinahitajika takribani kilo 4.5 hadi 5 za majani mabichi.

Ule usawa wa mashamba unaowavutia wapiga picha hautokani na mmea wenyewe. Mchai ukiachwa huwa mti wa mita kadhaa. Hukatwa mara kwa mara ili ubaki kimo cha kiuno, na kuchumwa kila baada ya wiki moja au mbili kunaufanya utoe machipukizi mapya juu, kwa usawa mmoja. Wachumaji huita uso huo meza. Usiketi juu yake, na usipite katikati ya mistari ambayo haina njia. Matawi yaliyovunjika ni machipukizi ya wiki mbili zijazo.

Sasa kuhusu saa. Jani likishachumwa huanza kubadilika, na likilundikwa hupata joto na kuharibika, kwa hiyo lazima lifike kiwandani siku hiyo hiyo. Wakulima huchuma asubuhi, hupeleka matenga kwenye banda la kupimia, na hapo husubiri lori. Mchana na alasiri ndipo utakapoliona banda likiwa hai: mizani inaning'inia, karani anaandika kilo kwenye daftari, wakulima wanapinga uzito uliopunguzwa kwa sababu ya umande, na majani yanatandazwa chini ili yasiungue. Kaa pembeni usikilize. Utajifunza uchumi wa chai kwa nusu saa zaidi kuliko katika kitabu chochote.

Kiwanda cha Katumba husindika chai ya wakulima wadogo, na kingine kama hicho kipo Mwakaleli, upande wa Busokelo. Kiwanda si kituo cha utalii. Mtu anayetaka kuingia anapaswa kuomba ruhusa siku kadhaa kabla, kwa barua au kwa simu, akieleza idadi ya watu na madhumuni. Ukiruhusiwa, ondoa pete na bangili, funika nywele, na uulize kabla ya kupiga picha. Utaongozwa kwa mpangilio wa kazi: kwanza majani hutandazwa kwenye mahodhi marefu yanayopitishiwa upepo ili yanyauke na kupoteza sehemu ya maji, kisha hupita kati ya roli zenye meno zinazoyasaga na kuyakunja kuwa punje, kisha punje huachwa katika hewa, na hapo ndipo kijani hugeuka rangi ya shaba na harufu kubadilika kutoka ile ya nyasi zilizokatwa kuwa ile unayoifahamu kikombeni, kisha hukaushwa kwa joto, na mwishoni huchekechwa na kupangwa kwa madaraja. Simama pale kwenye hatua ya kugeuka rangi. Mwombe mtaalamu akuonyeshe punje za mwanzo na za mwisho mkononi mwake, upande kwa upande.

Ukikosa ruhusa ya kiwanda, usihesabu siku kuwa imepotea. Shamba na banda la kupimia ndivyo vyenye watu, na watu ndio wanaoijua chai.

Tahadhari moja ya ardhi hii

Volkano za Rungwe zimelala, lakini hazijafa. Kyejo, wenye mita 2,175, ulitoa lava karibu mwaka 1800, muda ambao si mbali kwa mlima. Pembeni yake ardhi bado inatoa gesi ya ukaa kwa wingi. Pale Ikama kampuni ya TOL Gases huivuna, na hivyo povu la soda unayokunywa mjini huenda limetoka chini ya mlima huu. Gesi hiyo haina rangi wala harufu na ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hujikusanya mabondeni na kwenye mashimo, hasa asubuhi kusipokuwa na upepo. Ndugu zetu wa Goma, huko Kongo, wanaoishi chini ya volkano ya Nyiragongo, huiita mazuku. Ukipita karibu na chemchemi inayotoa mapovu ilhali maji ni ya baridi, au ukiona wadudu na ndege wamekufa kwenye kishimo, usiiname kuchungulia, wala usimwachie mtoto au mbwa akimbilie humo. Wenyeji wanayafahamu maeneo hayo. Waulize kabla ya kukatisha mashamba.

Masoko, ukiwa na saa mbili za ziada

Mtu aliyeamua kulala Tukuyu, au aliyeruka Kijungu na kuokoa muda, anaweza kuteremka kilomita 15 hivi kusini mashariki mwa mji hadi Ziwa Masoko, ambalo wengine hulijua kwa jina la Kisiba. Ni kreta ndogo, ya mviringo karibu kamili, iliyo chini sana kuliko Ngozi, kwa hiyo kuna joto na unaweza kufika majini kwa miguu bila taabu. Tofauti ya maziwa haya mawili ndiyo inayonifanya nimshauri mtu mwenye muda asiliache: asubuhi umetazama kreta kutoka juu ukiwa umejikunyata kwa baridi, na jioni uko chini kabisa ndani ya nyingine, jasho likikutoka.

Juu ya ziwa kuna boma la mawe lililojengwa na Wajerumani, ambalo baadaye lilitumika kama mahakama. Tukuyu yenyewe iliitwa Neu-Langenburg wakati huo, na iliangukia mikononi mwa Waingereza mwaka 1916. Wenyeji husimulia kwamba Wajerumani walipokimbia walitupa silaha na fedha ziwani, na kwa miaka mingi wageni wamekuwa wakiuziwa sarafu za zamani zinazosemekana kutoka humo. Sikiliza simulizi, lakini usinunue.

Kurudi

Ikiwa unarudi Mbeya siku hiyo hiyo, uwe umeondoka Tukuyu kabla ya saa 11 jioni. Kosta za jioni hujaa, na baada ya giza ukungu wa Isongole hushuka hadi barabarani kiasi kwamba dereva huendesha kwa kufuata mstari wa kando. Malori yaendayo Kasumulu, mpakani na Malawi, hupita njia hii, na baadhi yao huharibika katikati ya mteremko bila alama yoyote. Mwenye gari binafsi awashe taa za chini, si zile kali zinazorudishwa na ukungu machoni mwake mwenyewe, na aridhike kwenda polepole.

Kabla ya kupanda safu ya Uporoto nunua chai ya Rungwe katika duka la Tukuyu, na viazi ununue Isongole kwa debe. Chai hiyo ifungie kwenye kopo kavu lenye mfuniko, mbali na viungo na sabuni, kwa sababu hunyonya harufu upesi. Ukiipika nyumbani, jaribu kwanza bila maziwa: maji yachemke kabisa, majani yaingie, moto uzimwe, dakika 4 zipite, ndipo uchuje.